NYOTA INAYOBADILIKA NA MISTARI MITUPU YA KAYE YETU



Wengi wenu mumetuuliza tunafanya nini usiku nyuma ya jengo la darasa la sita, tukiwa tumelala chali kwenye mikeka kama watu waliochoka na safari. Wengine hawakutuuliza sisi, waliwauliza wazazi wetu, na maneno yakazunguka mpaka sokoni. Mama mmoja alisema waziwazi: «Batoto bale bako banatafuta nini mu giza? Kazi ya usiku ni ya bantu babaya.» Tumeona ni vizuri tueleze jambo lote katika gazeti letu, ili kila mtu ajue, na atakayependa aungane nasi.

Sisi ni wanafunzi wa darasa la tano na la sita sayansi. Tunajitayarisha kwa mashindano madogo ya elimu ya nyota kati yetu na shule jirani. Yatafanyika kabla ya likizo ya Noeli, Mungu akipenda. Habari ya mashindano ni hii: nyota zinazobadilika mwanga.

1. Mashindano yenyewe

Mashindano ya namna hii si mchezo wa Walikale peke yake. Tangu mwaka 2007 kuna Olimpiadi ya Kimataifa ya Astronomia na Astrofizikia kwa wanafunzi wa sekondari. Ya kwanza ilifanyika Chiang Mai, katika nchi ya Thailand. Kule wanafunzi wanapimwa kwa njia tatu: maswali ya elimu, kazi ya kuchambua namba zilizokusanywa, na kutazama mbingu kwa macho au kwa chombo. Mwalimu wetu wa fizika alipotueleza hayo, mmoja wetu aliuliza: «Mwalimu, siye tutafikaka kule lini?» Akajibu kwamba safari ya Thailand inahitaji pasipoti na pesa nyingi, lakini mbingu ya Thailand na ya Walikale ni moja, na ya kwetu haina taa za umeme za kuiharibu. Basi yeye na mwenzake wa shule jirani wakatunga mashindano yetu kwa mfano ule.

Sheria ni hizi. Kila kundi lichague nyota moja inayobadilika na kuifuata kwa miezi mitatu. Kaye ya kundi inaweza kupata alama 50, yaani alama moja kwa kila usiku uliotazamwa, mpaka 50. Hesabu na mchoro ni alama 30. Maswali ya mdomo ni 20. Tafadhali mushike vizuri hiyo habari ya alama 50, maana tutairudilia chini.

2. Nyota gani hiyo?

Watu wengi wanafikiri nyota ni kitu kisichogeuka. Tunasema «kama nyota za mbinguni» tukitaka kusema wingi na uimara. Lakini zipo nyota ambazo mwanga wake unapanda na kushuka. Nyingine zinafanya hivyo kwa sababu nyota mbili zinazungukana na moja inaifunika nyenzake. Algol ni ya aina hii: kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 inapungua, kisha inarudi. Nyingine zinabadilika zenyewe, kutoka ndani.

Sisi tulichagua nyota ya aina hii ya pili. Inaitwa Eta Aquilae, maana yake Eta ya kundi la Tai. Tuliichagua kwa sababu tatu. Kwanza, inaonekana kwa macho bila darubini, na sisi darubini hatuna. Pili, iko karibu juu kabisa ya ikweta, na Walikale iko karibu na ikweta, kwa hiyo inapita juu ya vichwa vyetu. Miti mirefu ya msitu haiwezi kuificha, na ndiyo sababu munatuona tumelala chali. Tatu, kutoka mwezi wa saba mpaka wa tisa inaonekana vizuri saa za jioni, na mwanzo wa muda huo mvua zinapungua kidogo.

Namna ya kuipata ni hii. Tafuta nyota nyeupe yenye nguvu inayoitwa Altair. Ina nyota mbili ndogo pembeni, moja kila upande, kama mwalimu akisindikizwa na wanafunzi wawili. Ile iliyofifia zaidi ya hao wawili inaitwa Beta ya Tai. Endelea kwenda upande wa kusini, utaona Teta upande mmoja na Delta upande mwingine. Eta iko katikati yao.

Kwa nini inabadilika? Waangalie mama zetu wakipika maharagwe. Mvuke unakusanyika chini ya kifuniko cha sufuria, unakisukuma juu, mvuke unatoka, kifuniko kinaanguka, na mambo yanaanza tena. Ndani ya nyota hii kuna tabaka la gesi ya heliamu. Likibanwa, linazuia joto kupita. Joto linakusanyika na kuisukuma nyota itanuke. Ikitanuka, tabaka lile linaachilia joto lipite, nguvu inapungua, na nyota inasinyaa tena. Mzunguko mmoja wa Eta unachukua siku 7, saa 4 na dakika kama 14. Inapanda haraka na kushuka polepole.

Mtu wa kwanza kuandika kwamba Eta inabadilika ni Edward Pigott, katika mji wa York, Uingereza, tarehe 10 Septemba 1784. Rafiki yake na mshiriki wake alikuwa kijana John Goodricke. Goodricke alikuwa kiziwi tangu utoto. Hata hivyo, alipokuwa na miaka 18 alipima vipindi vya Algol, na mwaka 1783 chama cha wataalamu wa London kikampa nishani kubwa inayoitwa Copley. Wiki chache baada ya Pigott kuona Eta, Goodricke aliona nyota nyingine ya tabia ileile, Delta Cephei. Kwa jina la hiyo ya pili, nyota zote za jamaa hii zinaitwa Sefeidi mpaka leo. Yetu ilitangulia, jina likaenda kwa mdogo wake! Goodricke alikufa mwezi wa Aprili 1786, hajatimiza hata miaka 22. Tunamtaja kwa sababu wako wanafunzi kati yetu wanaosema elimu ni ya watu wenye vyombo na afya kamili. Vijana wale wawili walizipima nyota hizi kwa kuzilinganisha kwa jicho, moja na nyingine.

3. Namna ya kuipima bila chombo

Ukubwa wa mwanga wa nyota unaitwa magnitudi. Hapa uangalie, maana wengi wanateleza: namba ikiwa ndogo, nyota ina mwanga mwingi, namba ikiwa kubwa, nyota imefifia. Tofauti ya magnitudi 5 ni sawa na mwanga mara 100.

Beta ya Tai ni 3,7, na Iota ya Tai ni 4,4. Hizo hazibadiliki machoni petu, kwa hiyo ni mizani yetu. Tunatazama Eta na kuuliza: iko karibu zaidi na Beta au na Iota? Kama tukigawanya njia ya kutoka Beta mpaka Iota kwa sehemu saba, Eta iko kwenye sehemu ya ngapi? Ikiwa ni ya pili, tunaandika 3,9. Eta ikiwa kileleni inafika kama 3,5 na kuipita Beta, ndipo tunaiweka kati ya Beta na Delta, ambayo ni 3,4. Ikiwa chini kabisa inakaribia Iota. Hakuna mashine, ni jicho na uaminifu.

Kanuni tulizojiwekea ni hizi:

– Kukaa gizani dakika 20 kabla ya kutazama, ili macho yazoee.
– Tochi ifunikwe kwa plastiki nyekundu. Atakayewasha simu ovyo, usiku ule hatazami.
– Kila mmoja aandike namba yake bila kuambiwa ya mwenzake. Mmoja akisema 3,8 na mwingine 4,0, tunaandika zote mbili. Jicho linaweza kukosea kwa 0,1 au 0,2, si aibu.
– Saa iandikwe kwa saa ya ulimwengu, ile inayotumiwa na wataalamu wote. Saa mbili usiku kwetu ni 20h00, tunaandika 18h00.
– Kaye ina safu tano: tarehe, saa, namba, jina la aliyetazama, na maelezo.

Wakati wa likizo kubwa kila mmoja alitazama kwao, na Jumapili baada ya ibada tulikusanya namba.

4. Fumbo la Jumamosi

Rafiki yetu mmoja wa darasa la nne, ambaye anapenda kutucheka, alikuja akasema: «Munatudanganya. Miye naliangalia ile nyota siku ya posho tatu, moja kisha ingine. Iko ileile tu!» Tukamwuliza saa ngapi. Akasema kila mara saa mbili za usiku.

Kumbe rafiki yetu alitazama vizuri! Hakusema uongo hata kidogo. Lakini fikirini pamoja nasi. Mzunguko wa Eta ni siku 7 na saa 4 na kitu. Juma moja ni siku 7. Kwa hiyo anayeitazama kila Jumamosi saa ileile anaikuta karibu mahali palepale pa safari yake, imechelewa saa nne tu na dakika chache. Baada ya Jumamosi nne imechelewa kama saa 17, na bado jicho halioni tofauti kubwa. Ili aione ikimaliza mzunguko mzima kwa njia hiyo, angehitaji Jumamosi kama 40! Lakini angeitazama Jumamosi, kisha Jumatatu, kisha Jumatano, angeiona ikigeuka mbele ya macho yake.

Fumbo hili lilitufundisha kuliko kurasa nyingi. Mtu anaweza kuwa mkweli na bado asiijue kweli, kwa sababu anakuja kutazama siku moja tu ya juma. Tena tukajua kwamba mtu mmoja hatoshi. Mmoja ana zamu ya kuchota maji, mwingine yuko shambani, mwingine ana homa. Nyota hii inahitaji kundi.

5. Mistari mitupu

Sasa tunafika kwenye jambo lililotugawanya, na ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Mwanzo wa mwaka wa shule kundi letu lilikuwa na watu kumi na wawili. Mwezi wa Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre yenyewe. Hatuna haja ya kuwasimulia, munajua wenyewe namna watu walivyokimbia na nini waliacha nyuma. Tulipokusanyika tena tulikuwa wanane. Mmoja wa wale wanne wasiokuwapo ndiye aliyetuchorea ramani ya Tai kwa mkono, kwenye ubao wa katoni. Tunaitumia mpaka leo.

Kaye ya mashindano ilianza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Septemba. Hizo ni usiku 92. Tulipohesabu tulikuta hivi: usiku 41 tulitazama, usiku 33 mawingu yalifunga, usiku 7 hakuna aliyetazama, kwa sababu ya malaria, kazi za shamba na msiba mmoja, na usiku 11 milio ya risasi ilisikika, wazazi wakafunga milango, hakuna aliyetoka.

Basi, 41. Kwa alama 50 tulikosa tisa.

Hapo mwenzetu mmoja, mwenye akili sana kwa hesabu, alisema: «Banduku, iko rahisi.» Tunajua mzunguko wa Eta. Tunajua siku iliyokuwa kileleni kabla ya usiku ule na baada yake. Kwa penseli na karatasi tunaweza kupata namba ya kila usiku tuliokosa, na itakuwa namba ya kweli kabisa. Hatuwezi kujaza usiku wa mawingu, alisema, maana shule jirani nao waliona mawingu yale. Lakini zile usiku 11 mbingu ilikuwa wazi. Nyota ilikuwa pale juu. Ni sisi tu tuliofungiwa. «Tukiandika, tutaandika kweli. Sasa mubaya iko wapi?»

Tusiwafiche, wengine kati yetu walikubali mara moja. Maneno yale yalikuwa na nguvu. Tena yalikuwa na uchungu ndani: kwa nini tupoteze alama kwa ajili ya kosa lisilo letu? Shule jirani kwao kulikuwa kimya usiku zile. Wao watapata alama zao, na sisi tutaadhibiwa mara mbili. Wengine walikataa, lakini hawakuweza kusema vizuri kwa nini. Tulipiga kelele mpaka kengele ikalia. Mwalimu alikataa kuamua. Alisema tu kila mmoja arudi kesho yake na sababu moja.

Hizi ndizo sababu zilizoletwa.

Mmoja alisema: namba za jicho zinatetemeka. Usiku mmoja ni 3,8, mwingine 4,0, hata kama nyota ni ileile. Namba za penseli hazitetemeki. Mwamuzi akichora mchoro wetu, ataona usiku 41 zilizotawanyika kama watu wanaorudi kutoka sokoni, na usiku nyingine zimepangana kama askari. Atajua.

Wa pili alisema hiyo ni sababu ya mwizi anayeogopa kukamatwa, akatafuta nyingine. Alisema: mashindano yanatutaka tutafute mzunguko wa nyota kutoka kwa namba zetu. Tukizitengeneza namba kwa kutumia mzunguko uliomo kitabuni, halafu tukahesabu mzunguko kutoka kwa namba hizo, tutapata nini? Tutapata kitabu. Tutakuwa kama mtu anayejiandikia barua, kisha anashangaa kwamba aliyeiandika anamjua sana.

Wa tatu, mtoto wa mchungaji, alitukumbusha amri ya tisa. Alisema safu ya nne ya kaye ina jina la mtu. Hiyo siyo namba ya nyota tu, ni ushuhuda. Anayeweka jina lake pale anasema: mimi nilikuwako, mimi niliona. Namba inaweza kuwa sawa na ushuhuda ukawa wa uongo.

Wa nne hakuzoea kusema mbele za watu. Aliinuka akasema kwa sauti ndogo: «Tukijaza zile usiku kumi na moja, mutu atakayesoma hii kaye kesho atafikiri tulikuwa tumelala kwenye mikeka, tunaangalia nyota, na amani. Hatukuwaka na amani. Tulikuwa chini ya vitanda.»

Hakuna aliyejibu. Yule mwenye akili ya hesabu aliichukua kaye, akafungua kurasa zile, akaandika mwenyewe katika safu ya tano, mara kumi na moja: risasi. Namba hakuandika. Mistari ile imebaki mitupu mpaka leo, na itakwenda mitupu kwa waamuzi.

6. Tulilolipata

Baada ya hapo tulianza hesabu, na wengine waliogopa kwamba mapengo yataharibu kila kitu. Mapengo hayakuharibu. Tuwaonyeshe.

Katika kaye tulitafuta vilele, yaani usiku ambapo Eta ilikuwa na mwanga mwingi kuliko Beta. Kutoka kilele cha kwanza mpaka cha mwisho tulichokiona vizuri zilipita siku 86 na nusu. Swali ni hili: kati yao kulikuwa na mizunguko mingapi? Vingine hatukuviona, vilipita nyuma ya mawingu au wakati wa risasi. Lakini katika juma zilizokuwa na usiku nyingi nzuri, tulikuwa tumekwisha kuona kwamba mzunguko ni wa siku 7 na kitu. Ukigawanya 86 na nusu kwa 7 na kitu, unapata 12. Hauwezi kuwa 11, maana kila mmoja ungekuwa karibu siku 8. Hauwezi kuwa 13, maana kila mmoja ungekuwa chini ya siku 7. Basi ni 12. Siku 86 na nusu kwa 12 ni siku 7 na saa 5.

Siku 7 na saa 5! Wataalamu wenye vyombo wanasema siku 7, saa 4 na dakika kama 14. Tumewakosa kwa dakika kama 46, kwa jicho, kwa katoni, kwa plastiki nyekundu. Na namba hii ni ya kwetu.

Fikirini maana yake. Usiku zile 11 sisi tulifunga milango, lakini nyota haikusimama kutungojea. Ilipanda na kushuka kwa kipimo chake. Tulipotoka nje tena tuliikuta mahali inapopaswa kuwa, na kwa kuikuta pale tulijua ilipitia wapi. Anayetazama kwa uaminifu kabla ya giza na baada ya giza anaweza kuvuka giza lenyewe kwa hesabu. Lakini asiseme aliona ndani yake.

7. Faida yake ni nini?

Mama mwingine alituuliza: «Batoto, ile nyota mutaikula?» Swali la haki. Mwaka jana na mwaka huu wenzetu kadhaa waliacha masomo kwenda kuchimba kasiterite, na wanarudi na simu mpya. Sisi tunarudi na namba.

Tunajibu hivi. Mwaka 1912 mwanamke mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi Harvard, alitangaza jambo alilogundua kwa kupima picha za nyota zilizopigwa Peru. Alichukua nyota 25 za jamaa ya Eta, zilizomo katika wingu dogo la Magellan, lile linaloonekana chini sana upande wa kusini. Aliona kwamba zenye mzunguko mrefu zina mwanga wa kweli mkubwa zaidi. Kwa hiyo, ukijua mzunguko unajua nguvu ya taa. Ukijua nguvu ya taa na unaona namna inavyofifia kwako, unajua umbali. Leavitt alilipwa senti 30 kwa saa, na masikio yake yalikuwa na shida. Mwaka 1923 Edwin Hubble alikuta nyota ya jamaa hiyo katika ukungu wa Andromeda, na kwa kanuni ya Leavitt dunia nzima ikajua kwamba ule si ukungu wa hapa karibu: ni jamii nyingine ya nyota, mbali kupita kiasi. Watu walijua ukubwa wa ulimwengu kwa sababu mtu mmoja alikaa mezani akipima nyota zinazopanda na kushuka, na akaandika alichokiona.

Kwa wale wanaoogopa kwamba kutazama usiku ni kazi ya wachawi, mchungaji wetu aliwajibu kanisani. Aliwaonyesha kitabu cha Ayubu sura ya 38, ambako Kilimia na Orioni zinatajwa kwa majina. Alisema, kama Mungu mwenyewe alimwuliza Ayubu juu ya nyota, si vibaya mwanafunzi ajitayarishe kwa swali. Watu walicheka, na tangu siku ile mikeka imeongezeka.

8. Mwaliko

Mashindano bado. Tunaweza kushindwa kwa alama tisa, na wengine watatucheka. Tumekubali hilo mapema, tukiwa pamoja.

Kuanzia sasa Tai inazama mapema magharibi, kwa hiyo tunahamia kaskazini kwa Algol, ambayo katika mwezi wa kumi na mbili inapanda vizuri jioni. Ikiwa na mwanga wake wote ni 2,1, karibu sawa na nyota jirani yake Almach. Ikifunikwa inashuka mpaka 3,4, sawa na Alfa ya Pembetatu. Kufunikwa kote kunachukua kama saa kumi, kwa hiyo usiku mmoja mzuri unatosha kuiona ikianguka au ikipanda. Atakayependa aje na mkeka, kalamu na koti. Tunahitaji hasa wanafunzi wa darasa la tatu na la nne, maana sisi wa sita tutakwenda, na kaye haiendi.

Kwa wenzetu wanne ambao hawajarudi: kama mmoja wenu atasoma karatasi hizi mahali popote mulipo, Eta inaonekana na huko pia. Andikeni namba, tarehe na saa, mutume kwa yeyote anayekuja huku. Majina yenu bado yamo katika orodha ya zamu.

Ni sisi,
Kundi la nyota, darasa la tano na la sita sayansi